Samaki hana paspoti: barua ya wazi kuhusu meza za samaki Lubumbashi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Mkoa wa Haut-Katanga,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mkoa anayeshughulikia uvuvi,
Kwa Mheshimiwa Meya wa Jiji la Lubumbashi na wakuu wa komini zetu zote,

Waheshimiwa,

Jumamosi moja ya Januari, mvua ikiwa imeloweka Katuba nzima tangu alfajiri, nilikwenda soko la Kenya kutafuta samaki wa Jumapili. (Kwa wasomaji wa mbali: Kenya ni komini yetu hapahapa Lubumbashi, hakuna aliyepanda ndege.) Mezani kwa mama ninayenunua kwake miaka mingi walilala samaki wawili wakubwa wa aina tunayoiita pale, wabichi, macho bado yanang'aa. Akampasua mmoja mbele yangu, na tumbo likamwaga mayai ya manjano, yamebanana kama punje kwenye gunzi. Nikamwuliza, mama, huyu ametoka wapi? Akasema Kasenga. Nikasema, Kasenga Januari, si wamefunga uvuvi? Akacheka, akatupa jicho kulia na kushoto, akasema basi si Kasenga, ni Kalemie. Nilipoendelea kumtazama akanipa jibu ambalo nimekaa nalo mpaka leo: "Mwalimu, samaki haina na paspoti!"

Nilinunua. Sitaki kuwaandikia kama malaika. Nyumbani tuko saba, bukari, ugali wetu, ilikuwa inangoja mboga, na mama yule alikuwa amenipunguzia bei kwa sababu ya mvua. Wajukuu waligombania mayai. Mimi nilitafuna huku nikihesabu, maana nimefundisha hesabu shule ya msingi miaka 34 na ugonjwa huo hauponi: kila punje iliyokuwa kwenye sahani ya mtoto ilikuwa na nafasi yake ya kuwa samaki.

Nawaandikia ninyi, na si wanunuzi wenzangu, kwa sababu wanunuzi tumeshahubiriwa vya kutosha. Mtu yeyote akizungumzia kulinda samaki, mahubiri huishia kwetu: mama, chagua vizuri, uliza, usinunue wadogo. Nimejaribu. Mnunuzi wa Lubumbashi ana jicho, pua, kidole cha kubonyeza mnofu na mdomo wa kuuliza. Pua yangu inajua samaki alikufa lini. Haijui alikufia ziwa gani, wala kwa wavu gani. Kwa hayo mawili natakiwa kumwamini muuzaji, naye muuzaji amemwamini mwenye friji, mwenye friji amemwamini mwenye lori, na mwenye lori hakuulizwa.

Hebu tupite mezani kwanza, maana nina wasiwasi kwamba baadhi yenu mmekuwa mkiletewa samaki wameshakaangwa.

Meza ya Kenya, ya Katuba au ya Rwashi ina mataifa. Yuko samaki aitwaye pale, ambaye wataalamu wamempa hata jina la ziwa lake, *Oreochromis mweruensis*, tilapia wetu wa Mweru na Luapula. Kuna chisense, wadogo wa fedha wanaouzwa kwa kopo, wakavu. Kuna ndakala na mikeke wa Tanganyika, wanaoshuka kutoka Kalemie na Moba. Kuna samaki wa chumvi na wa moshi wa upande wa Bukama na Kikondja, kwenye mabwawa ya Lualaba. Kuna kapenta wa Zambia. Na juu ya wote, kwenye karibu kila meza, yuko Thomson, samaki wa bahari aliyegandishwa kama tofali, ambaye Kinshasa wanamwita mpiodi. Hawa wote wanalala pamoja kwenye plastiki moja, na wote wanajibu swali la "umetoka wapi" kwa jina lolote litakalomfurahisha mteja.

Wakati Katanga ilikuwa moja, mtu angeweza kusema haya yote ni ya nyumba moja. Tangu 2015 tuko mikoa minne. Tanganyika ina gavana wake, Bukama iko Haut-Lomami. Lakini Kasenga, Kilwa na Pweto ni zenu, Waheshimiwa, na mto Luapula na upande wetu wa ziwa Mweru ni wenu. Kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Babu yangu alifanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, wakati mji huu ukiitwa Elisabethville. Poso ilitoka kila wiki: unga, maharagwe, mawese, na samaki mkavu. Samaki yule kwa sehemu kubwa alikuwa wa Luapula na Mweru. Migodi ilihitaji mikono, mikono ilihitaji kula, na Kasenga, kama kilomita 200 kutoka hapa, ikawa jiko la migodi. Wafanyabiashara Wagiriki walikaa pale na mashua zao za injini na barafu, wakanunua kwa wavuvi, na malori yakaleta mzigo mjini. Babu alikuwa akisema kwamba samaki mwenye heshima katika poso aliitwa mpumbu.

Watoto wa leo ukiwatajia mpumbu wanadhani ni tusi. Alikuwa samaki mkubwa, *Labeo altivelis* kwa jina la vitabuni. Mvua za kwanza zikinyesha na mto ukianza kujaa, alitoka ziwani kwa makundi makubwa na kupanda Luapula kwenda kutaga. Wote njia moja, msimu mmoja, matumbo yamejaa. Kwa mwenye wavu wa kuziba mto hakuna kazi rahisi kuliko hiyo. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimeongeza njaa ya shaba, shaba ikaongeza vibarua, vibarua wakaongeza njaa ya samaki, na nyavu zikajaa mtoni. Kufika mwisho wa miaka ya 1940 makundi yale yalikuwa yamekatika. Mpumbu hajafutika kabisa, mmoja mmoja bado hupatikana, lakini biashara ile haikurudi. Ni zaidi ya miaka 70 sasa.

Kilichomvunja ni kukamatwa njiani akienda kuzaa. Na waliokuwa wakimla huku mjini hawakuwa na namna ya kujua. Babu aliona tu kwamba siku hizi poso ina samaki mwingine.

Mimi nami niko hapo alipokuwa babu. Tofauti ni kwamba leo sheria ipo. Zambia, upande wa pili wa mto, inafunga uvuvi wa Mweru na Luapula kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na upande wetu pia tangazo la kufunga tumelisikia redioni mara nyingi. Mama wa soko ana haki kabisa: samaki wa Luapula hana paspoti. Asubuhi yuko Kongo, jioni yuko Zambia, na yai lililotagwa kwenye matete ya kwetu linaweza kuvuliwa na mtu wa Nchelenge. Ndiyo maana kufunga upande mmoja ni sawa na kufunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili.

Lakini mlango wa tatu uko hapa mjini, na huo hakuna anayeufunga. Uvuvi unafungwa ziwani, soko linabaki wazi. Mvuvi wa Kasenga anayeheshimu tarehe anakaa na njaa miezi mitatu. Jirani yake asiyeheshimu anajua kwamba akifikisha mzigo Lubumbashi hakuna atakayemwuliza swali, na bei ya Januari ni tamu kuliko ya Oktoba kwa sababu samaki ni haba. Kwa maneno mengine, mimi na sufuria yangu ndio tunaomlipa mshahara anayevunja tangazo lenu.

Niongeze neno juu ya huyu samaki aitwaye pale, kwa sababu ukimjua utaona aibu kidogo. Dume huchimba kiota kama sahani kwenye mchanga wa maji mafupi. Jike hutaga humo, kisha huyaokota mayai kwa mdomo na kuyalea humohumo mpaka yaanguliwe. Hata watoto wakishaanza kuogelea, wakiona hatari wanarudi mbio mdomoni kwa mama. Sasa mtu akipitisha kokoro, wavu wa kukokota, ufukweni, anazoa kiota, mama na watoto kwa mvuto mmoja. Wapo pia wanaotumpula, yaani wanaopiga maji kwa mti mpaka samaki wachanganyikiwe na kukimbilia wavuni. Samaki wa kutumpula na samaki wa mshipi, wakishafika mezani, hakuna jicho linaloweza kuwatenganisha. Mimi ningelipa franga zaidi kwa yule wa mshipi. Sijui nimlipe nani.

Chisense ni jambo jingine, na hapa nina habari njema kwa mwenye mfuko mdogo. Ni samaki mdogo anayekua upesi na kuzaa upesi, anavuliwa usiku kwa taa katikati ya maji, anaanikwa juani bila kuni. Kwa pesa na kwa ziwa, kopo la chisense safi ni chakula kizuri kuliko pale mkubwa wa Januari. Tatizo liko kwenye neno safi. Kuna chisense anayevutwa ufukweni kwa chandarua cha mbu, chandarua kilekile kilichogawiwa ili watoto wasipate malaria, na chandarua hakichagui. Nikifika nyumbani namwaga kopo juu ya sinia na kuangalia: chisense ni mwembamba na wa fedha, mtoto wa pale ana kimo cha mgongo, mwili mpana, na miiba mgongoni. Siku mbaya nimehesabu watoto wa pale wengi mpaka nikaacha kuhesabu. Tangu hapo nimemzoesha mama mmoja anifungulie kiroba kabla hajapima, na ananipa matabishi, yaani nyongeza ya bure, kwa kunicheka. Akina mama wengine wameanza kuiga. Hiyo sehemu tunaiweza sisi wenyewe na hatuwaombi kitu.

Ndakala wa Tanganyika nitampita haraka, kwa kuwa ziwa lile si lenu, ingawa karibu nusu yake ni ya Kongo. Naye ni wa kuishi muda mfupi, kama mwaka mmoja, kwa hiyo anavumilia kuvuliwa. Ila tangu 2003 wataalamu wameonyesha kwamba ziwa linapata joto, maji ya juu yakiwa moto hayachanganyiki vizuri na ya chini, na rutuba inayolisha samaki inabaki shimoni. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi wake upande wao kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mnunuzi wa Kigoma alijua tarehe hizo kwa kichwa. Ulizeni sokoni kwetu nani anajua tarehe yoyote.

Sasa Thomson. Huyu ni samaki wa Atlantiki, sehemu kubwa wa Namibia, anayegandishwa, anapitia Walvis Bay, anapanda lori la baridi, anavuka Zambia na kuingia Kasumbalesa. Wapo wanaomdharau, wanasema ni samaki wa maskini. Mimi, miezi ya Desemba mpaka Februari, ndiye ninayemnunua kwa moyo mwepesi zaidi, kwa sababu nchi yake inaweka kila mwaka kiasi cha mwisho cha kuvua, na kwa sababu kila Thomson ninayempika ni pale mmoja anayeachwa atage salama. Namibia wana sababu ya kuwa makini. Bahari yao ilikuwa na sardini wasiohesabika. Mwaka 1968 zilivuliwa kama tani milioni 1.4, kisha akaporomoka, na tangu 2018 ilibidi serikali isimamishe uvuvi wake. Nao wana mpumbu wao.

Ulaya na Marekani mnunuzi wa samaki hutafuta alama ya buluu ya MSC, shirika lililoanzishwa 1997, linaloangalia kama uvuvi fulani unaacha samaki wa kutosha majini. Kwa wa kufugwa kuna ASC. Hake wa Namibia alipata alama ile ya buluu mwaka 2020, ila huyo huenda zaidi Ulaya, sisi tunapata Thomson. Sijawahi kuona alama yoyote ya namna hiyo mezani Lubumbashi, na siwaombi muilete. Ukaguzi wake ni wa gharama, na mvuvi wa mtumbwi wa Kilwa hatauweza leo wala kesho. Ninachoomba ni kidogo kuliko hicho, na tayari kimeandikwa. Kila katoni ya Thomson inayovuka Kasumbalesa ina maandishi ubavuni: jina la samaki, nchi, tarehe ya kugandishwa. Imekaguliwa, imepigwa mihuri, imelipiwa. Kisha inafika soko kuu, inapasuliwa, samaki wanamwagwa kwenye beseni, na katoni inakwenda kuwashia makaa. Habari yote ambayo taifa limelipia kuijua inaishia kwenye mbabula, jiko letu la makaa.

Agizeni tu kwamba ubavu wa katoni ubaki mezani mpaka samaki wake waishe. Haigharimu hata franga moja.

Nina kisa cha katoni. Duka moja la katikati ya mji, jina naliacha, liliniuzia "pale wa Kasenga" aliyegandishwa, kwa bei ya Kasenga, na kwa sauti ya heshima wanayotumia kwa wateja wenye miwani. Wiki iliyofuata nikazunguka nyuma ya duka hilohilo kuomba katoni za kupangia vitabu vya wajukuu. Nikapewa nne. Zote zilikuwa za tilapia wa kufugwa kutoka nje, na picha iliyochapishwa juu ilikuwa ya samaki wangu yuleyule. Sikurudi kugombana. Kwanza, samaki alikuwa mtamu. Pili, samaki wa kufugwa si aibu hata kidogo. Kama angeuzwa kwa jina lake ningemnunua kwa furaha, tena ndiye angepumzisha Mweru. Kilichoniudhi ni kwamba nililipa zaidi ili nisaidie wavuvi wa mkoa wangu na fedha ile haikufika hata barieri ya kwanza ya barabara ya Kasenga.

(Na kwa kuwa nimegusa ufugaji: wanaochimba mabwawa karibu na mito yetu wasaidiwe kupata mbegu ya pale wa hapa. Tilapia wa Nile akitoroka huzaana na wenyeji na kuchafua ukoo. Wazambia wameyaona hayo kwenye mto Kafue.)

Kuna sababu nyingine ya kutaka kujua ziwa, na hii haina uhusiano na huruma kwa samaki. Ziwa Tshangalele, ambalo ni bwawa la Mwadingusha la mwaka 1930 kwenye mto Lufira, linapokea maji ya upande wa Likasi, na sote tunajua Likasi inaosha nini: madini. Watafiti wamepima samaki wa ziwa hilo na kukuta metali, kobalti ikiwemo. Sisemi kila samaki wa Tshangalele ni sumu, na wavuvi wake ni watu wenye watoto kama mimi. Nasema mama mjamzito ana haki ya kujua kwamba samaki aliyemshika mkononi ametoka bwawa hilo na si Mweru, ili aamue mara ngapi kwa mwezi. Leo akiuliza ataambiwa Kasenga. Samaki wote wazuri wametoka Kasenga. Ningekuwa mtu wa Kasenga ningedai haki ya jina langu.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu nimeishi katika nchi hii muda wa kutosha kujua barua kama hii inavyoweza kugeuzwa. Msiigeuze kuwa taksi, yaani kodi. Mama wa soko analipia nafasi ya meza, analipia usafi ambao hauonekani, analipia mtu aliyemlipa jana. Mkimtuma ajenti mwenye kitabu cha risiti aje kuuliza samaki ametoka wapi, jibu litakuwa ziwa lolote lenye faini ndogo, na mimi nitazidi kudanganywa, safari hii kwa muhuri. Wala msianze kwa kunyang'anya mabeseni Januari na kupiga picha za samaki wanaomwagiwa petroli. Samaki aliyevuliwa kwa kosa akichomwa, kosa linabaki na mlo unapotea.

Anayetakiwa kuulizwa ni mwenye lori na mwenye friji. Hao ni wachache, wana anwani, wana karatasi. Barabara ya Kasenga ni moja na barieri zake tunazijua. Mzigo unapopakiwa Kasenga, Kilwa au Pweto, tayari kuna mtumishi wa serikali anayeuona na kuchukua kitu chake. Basi na aandike karatasi yenye ziwa au mto, siku, na aina ya wavu, na karatasi hiyo isafiri na mzigo mpaka kwenye ghala la jumla. Mwenye ghala asiruhusiwe kuuza kwa akina mama bila kuwapa nakala. Desemba mpaka Februari asipokee samaki mbichi wa Luapula wala Mweru. Nasema mbichi, kwa sababu mkavu anaweza kweli kuwa wa Novemba, na itakuwa dhuluma kumwadhibu mtu kwa akiba aliyoiweka kihalali. Sheria ya uvuvi tuliyoachiwa na Wabelgiji ni ya mwaka 1937. Waliokaa na sheria hiyo mkononi wakamwangalia mpumbu akiondoka, kwa hiyo sitawaambia kwamba tunakosa sheria.

Wavuvi nao, hiyo miezi mitatu wanakula nini? Mtu hawezi kuheshimu tarehe kwa tumbo tupu, na siwezi kudai mtoto wa Pweto alale njaa ili mjukuu wangu apate pale mwaka kesho. Hapo mna wataalamu na mna bajeti, mimi nina swali tu. Lakini nina wazo la pa kuanzia fedha: ninyi wenyewe ni wanunuzi. Ofisi za serikali zinanunua samaki, hospitali zinanunua, semina zinanunua sana. Februari moja nilialikwa kwenye sherehe ya ofisi moja ya umma ambayo nitaisitiri, kulikuwa na hotuba ndefu kuhusu mazingira, na baada ya hotuba kila mtu akawekewa pale mzima, mbichi, mkubwa kuliko sahani, kichwa na mkia vinaning'inia. Neno "endelevu" lilikuwa bado limeandikwa kwenye kitambaa nyuma ya meza kuu. Anzeni na oda zenu wenyewe. Kati ya Desemba na Februari kwenye semina pikeni Thomson, au chisense na sombe (kisamvu), na tofauti ya bei ipelekwe Kasenga.

Kule Monterey Bay, Marekani, nyumba ya maonyesho ya samaki ilianza mwaka 1999 kuwagawia wanunuzi kadi ndogo: kijani mnunue, njano fikiri kwanza, nyekundu mwache. Nilipoisikia niliipenda, kisha nikafikiria soko letu saa tano mchana, matope, jua, mtoto mgongoni, na mtu anasoma kadi. Haitawezekana. Kwetu kinachowezekana ni ubao. Kibao cheusi kimoja kwa kila meza, kama vile vya darasa la kwanza zamani, chenye maneno mawili: maji na siku. "Mweru, Alhamisi." "Bahari, katoni." "Bwawa la kufuga." Na ukingoni mwa meza mstari wa rangi unaoonyesha urefu ambao pale mdogo kuliko huo hajawahi kuzaa, urefu wenyewe wauseme wataalamu wenu wa uvuvi, mimi nitapima kwa kiganja.

Jaribuni na soko moja. Likishindikana, mtakuwa mmepoteza mbao chache na rangi ya kopo moja.

Jumamosi iliyopita nilimsomea mama wa samaki sehemu ya barua hii, ile ya kwake. Alisikiliza huku akiparua magamba, akanisahihisha mahali pawili, akasema bei yake ya siku ile ya mvua haikuwa ya huruma, samaki walikuwa wanaanza kulegea. Nikamwuliza kama angekubali kuandika ziwa kwenye kibao. Akafikiri. Akasema ataandika ikiwa jirani yake wa kushoto ataandika, na ikiwa mwenye friji atamwambia ukweli, kwa sababu hata yeye hajui. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akinijibu Kasenga kwa kuwa ndiko alikozaliwa mama yake. Kisha akauliza chaki itatoka wapi.

Nikamwambia chaki ninayo.

Kwa heshima,
Mwalimu mstaafu, mnunuzi wa samaki wa kila Jumamosi,
Katuba, Lubumbashi